Hajanywa, Hajafika

Wanaoijua hoteli yake pale Garissa watakusimulia habari za nyama ya ngamia, na hawadanganyi, ilikuwa nyama ya kulainika mdomoni. Mimi nitaanza na maji. Kila meza ilikuwa na jagi la plastiki lenye kifuniko, na glasi zimefudikizwa kandoni. Ukikaa tu, kabla hujaamua kama ni wali au baasto, yaani tambi, mwenye hoteli alikuwa ameshakumiminia. Hakuuliza kama una kiu. Swali hilo mjini kwetu lilikuwa la mtu asiyetoka nje mchana.

Jagi hilo lilimletea maneno mengi, na mwisho lilimfanya achague kati yake na hoteli yenyewe. Nitafika huko. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana wapo waliomwita mjinga, na wengine wakamwita mjanja, na wote wawili sikubaliani nao.

Wenyeji walimwita habo, yaani mama mdogo, hata wanaume waliomzidi miaka. Mimi nilimwita mama. Jina lake ninalo, ila hakupenda kusemwa nyuma ya mgongo wake, na hapa nimeshaanza kumsema. Sijui alizaliwa lini wala nani alimzaa. Niliwahi kumuuliza kwao ni wapi, akaelekeza mkono kaskazini, upande wa Banissa, akarudi kukatakata vitunguu.

Nilifika Garissa kufundisha sekondari, nikitoka Murang'a. Siku ile niliyoshuka kwenye basi niliingia hoteli moja karibu na kituo, yenye vigae ukutani na feni zinazozunguka. Nikala, nikaomba maji ya mfereji. Nilimwona kwa macho yangu mhudumu akiyakinga kwenye bomba lililo pembeni mwa choo. Bili ilipokuja, maji yalikuwemo, yana mstari wao na bei yao kama kuku. Nililipa, kwa sababu mgeni hagombi siku ya kwanza.

Kesho yake Mwalimu Noor, aliyefundisha dini pale shuleni, akanipeleka kwa habo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilipoona glasi inajazwa mbele yangu niliisukuma pembeni kwa adabu.

"Asante mama, mimi sitaki maji."

Alisimama na jagi lake mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hina kwenye vidole na mtandio uliofungwa kama mtu anayekwenda vitani.

"Maalim mpya?" akamuuliza Noor, si mimi.

"Mpya, habo."

"Mwambie akunywe."

"Kwani ni pesa ngapi?" nikauliza.

Noor alifumba macho. Mwenye hoteli alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake na mtoto asiyejua maana ya tusi.

"Huyu ametoka wabi?"

"Murang'a," nikajibu mwenyewe.

"Murang'a iko mito?"

"Iko, mama. Mingi sana."

"Na bado wanauza maji," akasema. "Kunywa, maalim. Mtu hajanywa, hajafika. Mimi siongei na mtu hajafika."

Nikanywa. Yalikuwa maji ya Mto Tana, yana ladha ya udongo na dawa, na sijawahi kunywa mengine matamu kama hayo.

Maneno yale, hajanywa hajafika, niliyasikia tena na tena miaka yote niliyokaa Garissa. Hayakuwa mapambo. Aliyafuata kama watu wengine wanavyofuata saa. Mtu akiingia na habari ya msiba, akiingia na ugomvi, akiingia kuuliza kazi, aliketishwa, akamiminiwa, akangojwa amalize. Ndipo mwenye hoteli alivuta kiti na kusema, "Haya, sasa umefika. Sema." Noor alinieleza kwamba huko kwenye visima ndivyo ilivyo. Msafiri akifika kisimani, hata awe wa ukoo mliopigana naye jana, anaachiwa ndoo kwanza. Anakunywa, mnyama wake anakunywa, ndipo anaulizwa ni nani na anataka nini. Mtu aliyekunywa maji yako kisha akakupiga vita siku hiyo hiyo, aibu yake haifutiki. Watu wataitaja hadi kwa wajukuu.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mkono mgumu ajabu. Garissa nzima ukila wali unapewa ndizi bure, na mtu hukata ndizi juu ya wali wake bila kufikiri. Kwake ndizi ilikuwa na bei. Wateja walilalamika, wakasema ni dhuluma, wengine wakaja na ndizi zao mfukoni. Hakujali. Limau lilikuwa na bei pia. Pilipili alikuwekea kijiko kimoja, ukitaka cha pili uligombana naye. Mwenye punda aliyemletea maji bomba lilipokauka alisimamishwa juani nusu saa wakibishana bei, na wakati mwingine alimdanganya mchana kweupe kwamba mwenzake ameshaleta kwa bei ya chini.

Nilimchokoza siku moja. "Mama, ndizi unauza, maji unagawa. Hesabu gani hii?"

"Ndizi imetoka Balambala, kwa shamba ya mtu," akasema. "Mtu amelima."

"Na maji?"

"Maji nani amelima?"

Soda alikuwa akiuza, na yeye mwenyewe aliipenda ile ya machungwa, akainywa jioni akiwa ameketi mlangoni, tena baridi. Nilipomtania juu ya hilo alisema soda ni starehe, na mtu wa starehe alipe.

Wala usidhani ugawaji wake ulikuwa wa kumwaga. Glasi hakuijaza hata siku moja. Alimimina nusu, ukimaliza akamimina nusu nyingine, hata kama utakunywa jagi lote kwa nusu nusu hizo. Wageni walidhani ni ubahili. Alichokiogopa ni mabaki. Mtu akiacha maji kwenye glasi alimrudisha kutoka mlangoni. "Wewe, umesahau kitu." Na mtu hurudi, anapapasa meza akitafuta simu yake, kumbe ni vidole viwili vya maji chini ya glasi. Ukikataa kuyamaliza aliyachukua yeye akayamwaga kwenye shina la mwarobaini uliokuwa mlangoni, huku akikutazama usoni, na siku hiyo ungekula nyama yenye mifupa mingi.

Palikuwa na dereva mmoja wa gari kubwa la serikali, mtu wa kujiona. Alimaliza kula, akachukua jagi mezani, akatoka nalo nje kuosha vumbi kwenye kioo cha gari. Mwenye hoteli hakupiga kelele. Alitoka na mwiko wa wali, akasimama kati ya mtu na gari. Dereva akacheka, akasema si maji ni ya bure? "Ya bure ni ya tumbo," akamwambia. "Gari yako iko kiu? Ifungue mdomo." Barabara nzima ilisimama kutazama. Yule bwana alirudisha jagi mezani, akaondoka na vumbi lake.

Pale shuleni suala hili lilizua mjadala ambao kwenye ofisi ya walimu haukuisha. Mwalimu Onyancha, aliyefundisha biashara, alishikilia kwamba hoteli ina haki kabisa ya kutoza maji ya mfereji. Alikuwa na hoja, siwezi kumnyima. Maji ya bomba yanalipiwa. Bomba likikauka, punda analipiwa. Glasi inaoshwa na mtu mwenye mshahara. Kiti kinakaliwa. "Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wetu walisema, si mimi."

Niliuliza kama sheria inaruhusu au inakataza. Niliowauliza maofisini hawakujua, na mmoja akaniuliza kama walimu tumekosa kazi. Basi nikabaki na akili yangu, na akili yangu ilisema hivi, na bado inasema: gharama ya maji weka kwenye nyama. Weka kwenye wali, weka kwenye chai, nitalipa na sitahesabu. Lakini usiniketishe kwenye joto lile linaloyeyusha viatu, ukanipa chumvi na pilipili nile, halafu ukageuza kiu uliyoniongezea wewe mwenyewe kuwa mali yako ya pili. Hiyo siiti biashara. Naiita kumvizia mtu penye udhaifu wake, na Onyancha alijua kwamba nikisema hivyo sitanii.

Onyancha akaamua kutoa ushahidi. Akaanza kwenda kwa habo mchana, anaketi, anamiminiwa, anakunywa, anakaa kwenye upepo wa feni, anaondoka bila kuagiza hata sambusa. Aliniambia, "Ngoja uone. Atafika mahali atachoka. Hakuna mwanadamu asiyechoka." Akaenda tena, na tena. Habo anamimina nusu, anamimina nusu.

Siku moja akamvutia kiti, akamwinamia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Maalim, nyumbani kwako hakuna maji?"

Onyancha alisema alitaka kujibu kwa utani, lakini alipomtazama aliona hana utani. Mama wa watu alikuwa na wasiwasi naye kikweli. Kabla hajapata jibu, alishapewa mtungi umejaa maji, pamoja na nyama kidogo kwenye karatasi, na maneno, "Mwalimu akikosa ni aibu yetu, si yako. Chukua, bole bole, mgongo yako usiumie." Alitembea na mtungi ule kuanzia sokoni mpaka nyumba za walimu, na wanafunzi wakimsalimia njiani. Tangu siku hiyo hakula hoteli nyingine. Hoja yake hakuibadili, ila aliirekebisha: sasa alisema mwanamke yule ana mbinu kali ya kuvuta wateja. Nikamwambia kama ni mbinu, mbona wenye mbinu wote hawaiigi?

Kisha mto ukafurika. Watu wa bara hudhani mafuriko ni maji mengi, basi kila mtu anakunywa. Sivyo. Tana ikijaa, inaleta matope mpaka mitambo inaziba, na mji mzima unakaa kando ya bahari ya maji ukiwa na bomba kavu. Punda wakawa mabwana. Bei ya mtungi ikapanda mpaka watu wakaanza kuoga kwa kikombe. Hoteli zote kwenye ule mstari wa majengo zikaondoa majagi, na hapo sikuwalaumu.

Kwa habo tulikuta jagi lipo. Kilichoondoka ni baasto. Hakuna chakula kinachokunywa maji kama baasto, unaichemsha kwenye sufuria tele kisha unayamwaga yote. Wateja wake wengi waliishi kwa baasto. Walikuja juu, wakamwambia anawafukuza. Aliwasikiliza huku akiwamiminia.

"Baasto inakunywa kuliko ngamia," akasema. "Mimi nachagua nani akunywe."

Glasi nazo zilikuwa zimeondolewa, badala yake tuliwekewa vile vikombe vidogo vya chai. Kikombe kidogo, nusu. Lakini hajanywa, hajafika. Mafuriko yakaisha, baasto ikarudi, na yeye hakulitaja jambo hilo tena.

Sasa nakuja kwa Haji. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye jengo lote lile, mtu wa heshima zake, tajiri wa ngamia na nyumba, mwenye goti bovu na ndevu za hina. Mafuriko yalimfungua macho. Alipoona maji yanavyouzwa, alileta mashine ya kusafisha, akaanza kuyatia kwenye chupa zenye picha ya mlima ambao hauko popote kaunti ile. Akawaambia wapangaji wake wote wenye hoteli: majagi yaondoke mezani, chupa ziwekwe, na atakayetaka ya mfereji basi naye alipe glasi, ili chupa zisikose soko. Wote wakakubali. Asiyekubali atafute jengo lingine.

Habo naye alikuwa mpangaji wake, ila kwake akaja kumwambia mwenyewe, kwa sababu ya heshima. Alipofika mlangoni, nusu glasi ilikuwa tayari inamngoja mezani.

Haji hakuwa mtu wa kuja jana. Aliijua glasi ile inasema nini kuliko mimi na Onyancha tulivyoijua. Akinywa, ni mgeni wake, na mji utasema alikunywa maji ya mwanamke kisha akamfungia mlango kwa ajili ya maji. Asiponywa, hajafika. Alisimama kizingitini, akasema, "Habo, nimekuja na neno." Naye akajibu kwa sauti tamu, "Karibu, Haji. Kaa, kunywa." Haji akasema hana kiu. Habo akasema basi atakapokuwa na kiu arudi. Haji akaondoka na goti lake. Akarudi mara nyingine, asubuhi na mapema kukiwa na baridi kidogo. Ikawa yale yale. Akatuma mtu. Yule mtu akanywa, akala, akasahau alichotumwa au alijifanya kusahau.

Ramadhani ikaingia, na Haji akafanya kosa ambalo mtu wa Murang'a asiyefunga asingelifanya kamwe. Alifikiri hivi: mchana wa Ramadhani hakuna jagi, hakuna glasi, hakuna kukaribishwa. Mwezi huu naweza kusema neno langu bila kulowesha ulimi. Lakini kwa kuwa jua la mchana ni kali na amefunga, akangoja lipungue. Akaja alasiri imelala.

Nilikuwepo, nimekuja kungoja sambusa za jioni kama nilivyozoea. Hoteli ilikuwa bado haijafunguliwa kwa walaji, harufu ya mafuta moto imejaa. Haji aliingia, akatazama meza tupu, akaketi kwa raha. Nilikuwa sijawahi kumwona akiketi pale.

"Habo, leo hakuna jagi," akasema. "Tuongee."

"Leo hakuna, wallahi," akakubali. "Mama yako anaendeleaje?"

Kuhusu mama huwezi kukataa kujibu. Haji akaeleza habari za mama. Akaulizwa goti. Akaulizwa ngamia walioko upande wa Balambala, kama malisho yapo, kama yule jike mweupe amezaa. Akaulizwa binti yake aliyeolewa Wajir, na mume wake, na mama wa mume wake. Haji alijibu yote, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu. Kila alipovuta pumzi na kusema, "Sasa, kuhusu hii nyumba," mwenye hoteli aliinuka. "Haji, nisamehe, sambusa inaungua." Akaingia jikoni. Akatoka na swali jingine.

Mimi nilianza kuona mwanga mlangoni unageuka wa manjano, kisha mwekundu. Nikaelewa. Nilimtazama Haji, na nadhani naye alielewa wakati ule ule, maana alishika meza ainuke, na goti likamkataa.

Adhana ya magharibi ikalia.

Habo alitoka jikoni na sahani ya tende, na jagi. Alilipangusa kwanza kwa kitambaa. Haji alilitazama jagi lile vile mtu anavyomtazama hakimu. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, kwenye joto la Garissa, na kuchelewa kufuturu hakupendezi, yeye mwenyewe alikuwa akiwahimiza watu msikitini. Alichukua tende. Akasema bismillahi. Akanywa nusu glasi. Akamiminiwa nusu, akanywa. Akamiminiwa nusu tena, nayo akanywa mpaka tone la mwisho, bila kuacha mabaki, maana aliijua nyumba aliyomo.

Habo akavuta kiti.

"Haya, Haji. Sasa umefika. Sema."

Haji alijifuta ndevu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani ni hasira, kumbe mzee anacheka.

"Sambusa iko?" akauliza.

Ikawa mwisho wa neno hilo kwa upande wa Haji. Hoteli nyingine zote ziliuza chupa zake, na yetu ilibaki na majagi. Nilijivuna mjini kama kwamba mimi ndiye niliyemnywesha.

Lakini Haji alizeeka, akauza jengo pamoja na mashine ya chupa. Aliyelinunua alikuwa kijana wa Nairobi, mtanashati, mwenye simu mbili, Kisomali chake kidogo na Sheng tele. Alikuja kukagua mali yake mchana wa kawaida. Habo alimmiminia. Sote tuliokuwa tunakula tukamtazama anavyokunywa, na mioyo yetu ikatulia. Tulidhani ameshafungwa kama Haji.

Kijana akaweka glasi chini. "Maji safi, mathe. Sasa sikia. Wewe kaa hapa hapa, kodi siongezi, niko na respekt na wewe. Ni hizi majagi tu. Zinatuharibia biashara ya chupa. Zitoe, mambo iishe."

Alikunywa, akafika, na bado akasema. Sijui kama kuna kitu kilichonikera maishani kuliko sentensi ile, na ilisemwa kwa upole wote.

Mwenye hoteli hakuonyesha kushangaa. "Umekunywa?"

"Nimekunywa, mathe. Asante."

"Ilikuwa fizuri?"

"Poa sana."

"Basi itoe wewe. Kwa mkono yako."

Jagi lilikuwa mbele yake, karibu na kiwiko. Hakuna aliyetafuna. Kijana alilitazama, akatutazama sisi, mikono akaitia mfukoni. Akasema si hivyo mathe, usichukulie hivyo, na kwamba ana mpaka mwisho wa mwezi. Akatoka.

Wiki zile kila mtu alikuwa na ushauri. Onyancha, ambaye sasa alimpenda kama mama yake, alimletea ule uliokuwa wa busara kuliko yote. Alimwambia aondoe majagi mezani tu, ayaweke jikoni. Anayeomba apewe, bure, kimyakimya. Kijana hatajua na hoteli itabaki.

"Anayeomba ni maskini," akamjibu. "Asiyeomba ni mgeni. Mimi sitaki kufanya watu wote maskini."

Onyancha aliniambia baadaye kwamba amefundisha biashara miaka mingi, na hapo ndipo alipofunga kitabu. Mwisho wa mwezi mwenye hoteli alitoka. Alitanguliza majagi, ameyabeba mwenyewe yakiwa yamejaa, akavuka nayo barabara. Sufuria, meza na feni vilifuata nyuma kwenye mkokoteni. Hakulia na hakulaani. Mimi ndiye niliyelia, nyumbani, na sioni haya kusema. Watu walisema amepoteza. Nami nauliza, kati ya wale wawili nani hakuweza kugusa jagi?

Muda si mrefu nilihamishwa, nikarudi Murang'a kwenye mito yetu. Mwaka huu nilipata safari ya Garissa kusimamia mitihani, na jambo la kwanza nililouliza kituoni ni habari zake. Wakanielekeza mtaa wa Galbet.

Nilimkuta uani kwake, chini ya mabati, na meza chache na mti mchanga wa mwarobaini ulioanza kutoa kivuli. Amekonda zaidi, na jicho moja lina ukungu. Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani, akaninyamazisha kwa kiganja. Nusu glasi. Nikanywa. Nusu nyingine. Nikanywa, nikaonyesha kitako cha glasi kwamba hakuna kilichobaki.

"Maalim wa Murang'a," akasema. "Bado wanauza maji huko?"

"Wanauza, mama."

Macho yake yakashuka kwenye chupa niliyokuwa nimeibana kwapani. Niliinunua kituoni, ina picha ile ile ya mlima. Aliichukua bila kuniomba, akavunja kizibo, akaimimina yote ndani ya jagi la mezani, akaitikisa mpaka tone la mwisho. "Hii nayo imetoka jela," akasema, akanirudishia plastiki tupu.

Tulizungumza habari za watu. Haji alifariki, Mungu amrehemu, na mpaka mwisho alikuwa akituma gari lichukue sambusa za habo Galbet. Noor hajambo. Biashara je? Akasema nyama inauzika, ndizi inauzika, na kwamba watu wa Galbet ni wabishi kuhusu ndizi.

Wakati huo akaingia mtu mmoja wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi. Aliketi meza yetu bila kutusemesha. Mwenye hoteli akammiminia. Akanywa nusu, na nusu, na nusu, mpaka jagi likaisha, pamoja na ile chupa yangu. Kisha akajifuta kwa kiganja, akaokota fimbo, akatoka. Hakuagiza chai. Hakuaga.

Nakiri damu ilinipanda. Nilikuwa nimesafiri siku nzima, na chupa ile nilikuwa nimeilipia.

"Mama, huyu hata asante hakusema."

"Atarudi kesho, atakula."

"Na asiporudi?"

Alikuwa ameshainuka na jagi tupu, anaelekea kwenye pipa la maji.

"Basi alikuwa na kiu," akasema.